Tairi za Nyuma

Mama mkwe wangu alipiga simu mara moja tu, na alisema maneno machache kwa sababu pumzi ilikuwa haimtoshi. Kuna moto msituni, umeme umekatika. Mashine ya hewa imezima. Anatumia mtungi mdogo wa akiba, na mshale wake umeshaingia kwenye nyekundu. "Njooni na gari," akasema. "Gari tu, Verlin. Farasi waache."

Nilikuwa nimesimama pembeni ya Verlin, mume wangu, jikoni na simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo nilisikia kila neno, naye alisikia kila neno. Alijibu, "Ndiyo, Mama," akavaa kofia, akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye tela.

Mtu asiyewajua wanaume wa Cutler Creek atadhani mume wangu hakumpenda mama yake. Alimpenda mno. Lakini bondeni kwetu moshi ukionekana nyuma ya kilima, mwanaume huunganisha tela la farasi kabla hajafunga kamba za viatu. Kiangazi chote matela yetu huegeshwa yakiwa yametazama barabara. Mtu aliyewahi kukimbia moto akaacha farasi wake zizini atazikwa na sifa hiyo, hata angekuwa amefanya mema mangapi. Mkono wa Verlin ulikuwa kwenye mnyororo wa tela kabla akili yake haijafika huko.

Nikamwambia mama amesema gari tu. Akanijibu bila kugeuka kwamba moto uko ng'ambo ya pili, upepo unaelekea Hesper, mbali na sisi, na uwanja wa mama ni mpana, tutageuzia kule juu tushuke na wote kwa safari moja. Alivyosema ilisikika kama busara. Nami nikaenda kuwaleta farasi, huku nimekasirika.

Watatu walipanda vizuri. Juniper, jike la kahawia ambalo Verlin amelilea kwa chupa, likanusa moshi likagoma. Lilisimama mbele ya mlango wa tela limekaza miguu yote. Verlin akalibembeleza, akalizungusha, akalifunika macho kwa koti lake, akalizungusha tena. Mimi nilikuwa naitazama anga inavyogeuka rangi ya shaba, na kichwani namwona yule bibi mlangoni kwake, akivuta hewa kutoka kwenye mtungi ule mdogo. Nilitamani kulipiga jike lile kwa ubao. Mwishowe likapanda, tukaondoka.

Sasa niseme kuhusu gari. Lilikuwa pikapu ya umeme, kubwa, nzito kuliko ng'ombe wetu wote wakiwekwa pamoja, tuliyoinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa anahama. Ilikuwa na jambo moja ambalo Verlin hakulisamehe: tairi zake za nyuma nazo hukata kona. Ukienda polepole, za mbele zikigeuka kushoto, za nyuma hugeuka kulia, na lile dude lote linajikunja mahali ambapo gari dogo la mjini lingehangaika. Unawasha kwa kubonyeza picha kwenye kioo cha dashibodi; ukibonyeza picha nyingine, tairi zote nne hutazama upande mmoja, na gari huenda mshazari. Nilikuwa nalitumia kila nilipokwenda peke yangu kuchukua chakula cha mifugo, maana pale dukani pamebanana. Nikirudi nyumbani nilikuwa nazima, ili kuepusha maneno.

Kwa maana Verlin ndiye bingwa wa kurudisha tela rivasi katika maonyesho ya wilaya. Miaka na miaka amelipitisha tela refu katikati ya mapipa, kinyumenyume, bila kugusa hata moja, na mkanda wenye chuma kikubwa mbele aliopewa aliuvaa hata kanisani. Jirani yetu Lamar Stroud alipoiona pikapu mara ya kwanza alimuuliza kama amenunua gari au kaa wa pwani. Watu wakacheka sana. Tangu siku hiyo Verlin alizima kitu kile na hakukiwasha tena. Alikuwa anasema, "Tairi za nyuma kazi yake ni kufuata."

Barabara ya kwenda kwa mama haina pa kupishana. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na katikati ya safari kuna kona moja iliyojikunja hivi kwamba ukiipanda unaiona chini yako barabara uliyotoka sasa hivi. Ukiwa na tela unaipanda kwa kwenda nje kabisa, karibu na ukingo wa mbali, halafu unalivuta tela taratibu. Verlin ameifanya hivyo tangu ana miaka kumi na minne.

Tulipofika, upepo ulikuwa umeangusha msonobari. Ulikuwa umelala upande wote wa nje wa kona, matawi juu, kiasi kwamba nafasi tuliyozoea kuitumia haikuwepo. Ilibaki njia ya ndani, nyembamba, na ukingo wake umekatika wima. Verlin akasimamisha gari. Nyuma farasi walikuwa wanapiga mateke. Moshi ulikuwa umeshashuka, tunaukohoa.

"Washa tairi za nyuma," nikamwambia.

"Naiweza."

"Sijasema huiwezi. Nimesema washa."

Aliweka mkono chini ya usukani, kama anavyofanya kwenye mapipa, akaingiza gari kwenye kona. Na kweli aliendesha vizuri, sitamnyima hilo. Lakini gari refu lenye tairi za nyuma zinazofuata tu linahitaji uwanja, na uwanja haukuwepo. Pua ilifika kwenye matawi, akakata zaidi, tela likachukua njia ya mkato. Nilihisi mshtuko kiunoni kabla sijasikia sauti. Tairi ya tela ya upande wa ndani ilikuwa imetoka barabarani, tumbo la tela limekaa kwenye mawe, na lile boksi zima limeinamia korongoni na farasi wanne ndani yake.

Akajaribu kuvuta. Tela likazidi kuinama. Akaacha.

Kilichofuata sipendi kukikumbuka, ila nakikumbuka chote. Mlango wa nyuma ulikuwa umepinda, ikabidi tuuvunje kwa nondo. Ilibidi farasi watolewe kinyumenyume, mmoja mmoja, kwenye sakafu iliyolala upande, na Verlin alikuwa anawanong'oneza na kuwashika mikia kana kwamba tuna siku nzima. Nilimwambia awaache watoke wenyewe. Alisema watavunjika miguu. Nikamwambia, "Verlin, ni mama yako," naye akanitazama, akaendelea na farasi, kwa sababu farasi walikuwa pale anawaona, na mama alikuwa hayupo mbele ya macho.

Juniper alitoka wa kwanza, lakini akagoma kuondoka hadi wenzake wote wametoka. Nilimpiga kofi la matako kwa hasira zangu zote, akawafuata wenzake kushuka mbio, wakapotea kwenye moshi. Verlin aliwatazama hadi mlio wa kwato ukaisha. Nilijua alikuwa anawaaga.

Tela halikutaka kuachana na gari. Uzito ulikuwa umeegemea kichwa cha kiungio, kile chuma cha kufungulia kimebana. Alipiga kwa nyundo, akalala chini akaweka jeki, jeki ikazama kwenye udongo, akatafuta jiwe bapa, akaweka tena. Alikuwa analia na hakujua kwamba analia. Nilimpigia mama simu. Iliita hadi ikakata. Nikapiga tena.

Kiungio kilipofyatuka nilikuwa nimeshaketi kwenye usukani. Verlin akaja mlangoni kwangu akasimama. Sikusogea. Akazunguka, akaingia upande wa pili, nami nikabonyeza ile picha. Nyuma yetu zile tairi zikageuka, ukasikia changarawe inasagika, na pikapu ikajikunja kwenye ile kona mara moja, pua ikapita bila kugusa tawi, mkia ukaifuata ukiwa mbali na ukingo. Ilichukua muda wa kumeza mate. Verlin alikuwa amegeuza shingo anatazama dirisha la nyuma, anaangalia jinsi ilivyopita.

Mama tulimkuta kwenye kiti chake karibu na mlango. Alikuwa amevaa koti lake zuri, kitambaa kichwani, mkoba mapajani, tayari kwa safari. Amejiandaa kama mtu anayengoja kupelekwa kanisani. Mtungi ulikuwa umeshaisha. Midomo yake ilikuwa ya bluu, lakini alikuwa bado anavuta pumzi, fupifupi, zenye mlio. Alimtambua Verlin. Akatazama nyuma yake, uwanjani, akaiona pikapu peke yake, na nadhani alifurahi kwamba mwanawe amemsikiliza. Verlin aliona anavyodhani. Hakuweza kumwambia ukweli.

Alimbeba mikononi. Mimi nikabeba mashine, kwa sababu gari lile lina soketi za umeme kama nyumba, unachomeka chochote. Tulimlaza kiti cha nyuma, tukachomeka, mashine ikawaka, ikaanza kunguruma, tukamvalisha kile kibomba cha puani. Kilima cha nyuma ya nyumba kilikuwa kinawaka juu kabisa. Verlin akasema ataendesha yeye, kwa sauti ya mtu anayeomba. Nikamwachia.

Akatushusha vizuri hadi kwenye kona. Pale chini lilikuwapo tela letu, limelala nusu barabarani, na ng'ambo yake msonobari. Pengo lililobaki lilikuwa upana wa gari na viganja viwili vya mkono. Tairi za nyuma zilikuwa zimewashwa. Akaingia, na mikono yake ikafanya kile inachokijua: alivyohisi mkia unahama, akakata kinyume ili kuurudisha. Katika gari lile, kukata kinyume kunausukuma mkia zaidi. Tukagonga tela. Akarudi nyuma, akajaribu tena, tukagonga tena, safari hii tairi ikapita karibu na ukingo hadi mawe yakamwagika chini. Nyuma yetu mama alikuwa anavuta pumzi kwa mlio wa mlango mbovu.

"Inafanya nini?" akaniuliza. "Twyla, niambie inafanya nini."

Sijawahi kumsikia mume wangu akiuliza hivyo kuhusu gari. Na hapakuwa na muda wa kumfundisha. Kwa miezi yote ile lilikuwa limeegeshwa uwanjani kwetu, angeweza kulijaribu asubuhi yoyote, na mbwa tu ndiye angemwona.

"Nenda nyuma kwa mama," nikasema. "Mshike asianguke."

Akapitia katikati ya viti, yule mwanaume mkubwa, na mkanda wake wa ubingwa ukikwaruza plastiki, akaingia nyuma, akamweka mama yake mapajani. Nikahamia kwenye usukani, nikabonyeza picha ya pili. Tairi zote nne zikatazama kwenye mwamba, nikaachia breki, na gari likateleza mshazari, kiubavu, likiacha tela upande huu na msonobari upande ule. Kioo cha pembeni kilivunjika. Tukapita.

Toka pale niliendesha kadiri nilivyoweza. Cheche zilikuwa zinavuka barabara mbele yetu na sikuzijali. Nilimsikia Verlin akimwambia mama mambo madogomadogo: kwamba tunakaribia daraja, kwamba atakula supu ya maharage kwa dada yake, kwamba gari hili si baya. Mashine ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Halafu nikamsikia amenyamaza, na mlio wa pumzi haukuwepo tena, imebaki mashine peke yake. Nilitazama kwenye kioo cha juu. Alikuwa ameinamisha uso kwenye kitambaa cha kichwa cha mama yake. Niliendelea kuendesha kwa kasi ileile, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Darajani, pale lami inapoanza, polisi wa wilaya alitusimamisha. Magari yalikuwa yamejaa, na matela, na mbuzi wa watu. Lamar Stroud alikuja anakimbia kuelekea dirishani kwangu, uso umemchangamka, ameshika kamba mkononi.

"Verlin yuko wapi? Mwambie atulie, farasi ninao," akasema. "Wameshuka wenyewe. Wote wanne, Twyla. Wamefika zamani, hata jasho limeshawakauka."

Nyuma yake, kwenye uzio wa daraja, walikuwa wamefungwa wote wanne. Hakuna hata mmoja aliyechubuka.

Lamar akachungulia kiti cha nyuma. Akavua kofia.

Verlin alimlaza mama yake taratibu, akamfunga vifungo vya koti, akashuka. Alitembea hadi kwenye uzio kama mtu aliyeitwa. Juniper alimwona, akanyoosha shingo amnuse kifuani, kama anavyofanya kila asubuhi. Verlin akarudi nyuma hatua moja ili asiguswe. Jike lile likavuta kamba, likanyoosha shingo tena, naye akarudi nyuma tena.