Springi Mbili Zinatosha

Fundi milango huyu kazini walimwita Nyonga, na jina hilo hakulipata kwa kujua kucheza muziki. Akishapachika mlango haupimi kwa mkono, anabonyeza kitasa kwa kiwiko, anaugonga kwa nyonga, puh, anapita zake, halafu anategea sikio nyuma kama umejifunga. Mikono yake siku zote imebeba kitu, sasa aupime kwa nini? Na kwa nyonga ile, hakuna mlango uliowahi kumshinda.

Siku hiyo alikuwa hoi. Jengo lilikuwa la ofisi, jipya, linanuka rangi, vumbi la saruji limekaa mpaka kooni. Kila ghorofa ina milango ya moto, ile mizito ya kuzuia moto na moshi usitoke ukumbini ukaingia kwenye ngazi. Mlango wa hivyo una sharti moja: ukiuachia, ujifunge wenyewe mpaka ulimi wa kitasa uingie tunduni. Kukaribia kufunga hakuhesabiki. Kazi hiyo hufanywa na bawaba za springi, na Nyonga alikuwa amezikaza tangu asubuhi, kidole gumba kimeshaota lengelenge.

Mmoja wa ghorofa ya pili ndio uliokuwa mkaidi. Unakuja vizuri, ukifika kwenye fremu unasita, ulimi wa kitasa uko nje kama mtoto anayekuzomea.

"Kaza," alisema mkandarasi. Huyu walimwita Leoleo, maana kwake kila kitu kilitakiwa leo hii hii. "Weka springi kwenye bawaba zote tatu, kaza mpaka mwisho. Mkaguzi wa zimamoto anakuja kesho asubuhi, sitaki aibu."

Nyonga hakuwa na nguvu ya kubishana. Akaweka tatu, akakaza mpaka mwisho, akauachia. Mlango ukajibamiza hata fundi rangi, yule wanayemwita Brashi, akayumba juu ya ngazi yake.

"We Nyonga! Unafunga mlango au unaua watu?"

"Umefunga?"

"Umefunga na roho yangu ndani!"

Nyonga akaugonga kwa nyonga, akapita, akarudi. Sawa. Akajibwaga sakafuni, mgongo ukutani, akafumba macho. Alitaka dakika kidogo tu asiitwe na mtu.

Lifti ikafunguka. Akatoka dada yake.

Huyu dada ndiye mkubwa wao, ndiye aliyemwogesha na kumchapa akiwa mdogo. Ugonjwa ulimchukua miguu yote miwili, na mkono wa kulia ukabaki kama wa kuazima. Muda mrefu alikaa ndani akihesabiwa kuwa mgonjwa. Sasa alikuwa amepata kazi ya kupokea simu na wageni, ghorofa hiyo hiyo ya pili, anaanza Jumatatu. Alikuja kwenye kiti chake cha magurudumu kuitazama njia.

"Ndivyo mnavyofanya kazi, mmelala?"

"Karibu, dada. Pita tu, mlango tayari."

Dada akasogea, akabonyeza kitasa kwa kiwiko, akasukuma kwa mkono wa kushoto. Mlango haukwenda popote. Aliyekwenda ni yeye: kiti kilirudi nyuma taratibu. Akasogea tena, akasukuma, akarudi nyuma. Mara ya tatu alitia na bega, akapata upenyo wa kupitisha kiganja, springi zikakata shauri, mlango ukafunga. Alinusuru vidole kwa bahati.

Brashi akashuka mbio kumfungulia.

"Acha!" Dada hakupaza sauti, lakini Brashi alisimama pale pale.

"Dada, mimi nitakufungulia," Nyonga akasema.

"Kila siku? Unahamia hapa mlangoni?"

"Si watakuwepo watu..."

"Mdogo wangu, nimefunguliwa milango ya kutosha. Nikitaka kwenda chooni nipige mbiu? Kama sipiti hapa kwa mkono wangu, naenda kuwaambia hiyo kazi wampe mwingine. Na nitawaambia leo, wasinisubiri bure."

Leoleo alikuwa amesikia. Akaja na sauti ya kubembeleza. "Mama, usivunjike moyo kwa kitu kidogo. Mkaguzi akishaondoka tunatia kabari hapo chini, mlango unakaa wazi kutwa nzima. Majengo yote wanafanya hivyo."

Hapo hakusema uongo. Nyonga mwenyewe alishaona vipande vya mbao chini ya milango ya moto kila anakopita, na hakuwahi kuinama kukitoa hata kimoja.

"Moto ukiwaka, lifti inazimwa, sivyo?" dada akauliza.

"Inazimwa, ndiyo."

"Nyinyi mtashuka kwa ngazi. Na mimi?"

Ikabidi Nyonga aseme. "Kule ng'ambo, karibu na ngazi, kuna mahali pamechorwa kiti kama chako. Utakaa hapo mpaka zimamoto wakushushe."

"Nyuma ya mlango huu."

"Nyuma ya huu."

"Wenye kabari." Akamgeukia Leoleo. "Baba, mlango huu mimi nautaka ufunge kuliko nyinyi wote. Ila na mimi nipite."

Leoleo akakohoa, akatazama simu ambayo haikuwa imelia.

Nyonga akainuka, magoti yakalia. Alivuta kiti cha ofisi cha magurudumu, bado kina nailoni, akakaa mbele ya mlango, akanyanyua miguu, akabonyeza kitasa, akasukuma kwa kushoto. Akateleza nyuma mpaka akagota ukutani. Brashi alicheka. Nyonga hakucheka. Milango yote aliyowahi kuigonga kwa nyonga ilimjia kichwani, akaona uvivu hata wa kujilaumu.

Akapiga magoti akatazama fremu, kitu alichopaswa kufanya mapema. Kibati cha kitasa kilikuwa na mkwaruzo upande wa chini. Kumbe mlango ulikuwa umelala, umening'inia kidogo upande wa kitasa, ulimi unajigonga kwenye ukingo kabla ya kuingia. Springi za nini kama ulimi haulioni tundu lake?

"Tunaushusha," akasema.

"Tunaushusha nini?" Leoleo akaruka. "Umeshafunga huo!"

"Unafunga kwa kupigana. Nainua pembe yake, halafu narudisha springi mbili, juu na chini. Katikati naweka bawaba ya kawaida, ya chuma, ya gololi, ile iliyopimwa kwa moto. Iko moja mkobani."

"Tatu si bora kuliko mbili?"

"Hata chumvi ni nzuri, bosi. Mimina kopo zima."

"Basi weka bawaba zile nyepesi za vyooni, tumalize."

"Zile kwenye moto zinayeyuka kama siagi. Shika huku, Brashi."

Mlango wa moto ukiubeba ndio unajua kwa nini unauita wa moto. Waliushusha wakihema, wakaulaza ubavu. Nyonga akachukua patasi, akachimba kidogo kikao cha bawaba ya juu ili pembe ivutike kuelekea fremu. Jasho lilimwingia machoni. Wakaunyanyua, ukakataa kukaa, wakaushusha, akachimba tena. Brashi aliacha utani wote. Dada alishika skrubu kwenye kiganja, anatoa moja moja.

Ukapanda. Safari hii Nyonga alikaza springi kidogo, akaufungua upenyo mdogo tu, akauachia. Ukarudi pole pole. Ta. Kitasa kikauma.

"Dada."

Dada akaja ubavu ubavu, akabonyeza mkono wa kitasa kwa kiwiko, akasukuma. Kiti kikataka kurudi, akakishika gurudumu, mlango ukakubali. Ukalalia gurudumu lake la nyuma bila kumuumiza, ukamfuata, ukafunga. Wakabaki wanatazamana na ubao mtupu.

"Sasa arudi," Brashi akanong'ona. "Kurudi ni kuvuta."

Nyonga alijua. Mkono wa kitasa ukashuka, mlango ukafunguka kidogo, ukafunga. Mkono wa Nyonga ukaondoka wenyewe kuelekea kitasani, akauingiza mfukoni. Mlango ukafunguka tena, ukafunga tena. Upande wa pili walisikia dada akitukana taratibu, tusi moja la zamani la nyumbani. Halafu ukafunguka, kikaingia kiwiko, likaingia gurudumu, akaingia na yeye mwenyewe, paji la uso limelowa.

Hakuna aliyepiga makofi. Dada alitulia kwanza pumzi zirudi.

"Nimechoka," akasema.

"Pole. Lakini Jumatatu?"

"Toka hapa mpaka chooni kuna milango mingine mingapi kama huu?"

"Miwili."

Dada akamtazama mdogo wake, vumbi mpaka kwenye kope, akamtazama na Leoleo, halafu akafungua kiganja kuonyesha skrubu zilizobaki.

"Jumatatu nakuja. Usikae chini sasa, ukikaa huinuki."

Nyonga akaokota patasi.