Mstari wa Kwanza

Ile sheria niliitunga mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kitu kimoja, jina moja. Tulikuwa watu wanne mjini Kolwezi, tukiandika programu ya ushirika wa wachimbaji, ya kujua nani ameshuka shimoni na nani amepanda. Dimitri alitumia vifupisho vya Kifaransa, Aruna vya Kiswahili cha kwao Maniema, Kabemba vya kwake mwenyewe. Nilichoka, na mimi nikichoka nafoka.

Mimi, mwanamke pekee pale, ndiye niliyekuwa mkuu wao, chef wao, nikaitisha kikao. Orodha moja, kila mtu atie sahihi. Mchimbaji atakuwa na hali tatu tu: ENT, ameingia, SOR, ametoka, DCD, amefariki. Shimo likiporomoka, asiyeonekana kwa siku thelathini ataandikwa DCD.

Kabemba, kijana wa Musonoi, mpole kupita kiasi, hakushika kalamu. Yeye alikuwa na hali ya nne: NGJ, anangojewa.

"Chef, mutu habayamuona, unamuandika amekufa namna gani?"

"Na utamungojea mpaka lini, Kabemba? Hii ni programme, haiko kanisa."

Wenzake walicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Akatia sahihi.

Ijumaa akaziondoa NGJ zote. Nikapitia kazi yake. Mistari yote ilikuwa imebadilishwa kwa mpigo mmoja, isipokuwa ule wa kwanza kabisa, tuliokuwa tukiutumia kujaribia programu tangu mwanzo. Huo aliubadilisha mwishoni, peke yake, kwa mkono. Sikuwahi kuusoma. Antoine Kabemba, Musonoi. Ameshuka Machi 2014. DCD.

Nilimkuta uani anafunga mkoba wake.

"Mbona hukuniambia ni baba yako?"

"Weye mwenyewe ulisema, chef. Kintu kimoja, jina moja."

"Nitairudisha hali yako. Leo hii."

Akatikisa kichwa. "Acha tu. Mama anamuwekeaka sahani kila siku, myaka kumi na moja. Leo nitamuambia tulie kilio."

Jumapili tukaenda Musonoi, sisi watatu. Watu walijaa uani, jeneza hakuna. Nilitamani ardhi inimeze. Mama yake Kabemba alipoambiwa mimi ndiye chef, akainuka mkekani, akanishika mikono yote miwili.

"Aksanti, mama," akasema. "Mulimukuta wapi?"