Aliyeketi Kanyangi

Nchi ya Tandara usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, ingawa Kanyangi yake ni hii hii yetu, ya ndengu, mbaazi na vumbi jekundu. Huko polisi huitwa Kikosi cha Kiti. Babu zao walikuwa walinzi wa mfalme mkuu, mtu ambaye hakusimama kamwe mbele za watu, nao waliapa kutii neno la aliyeketi mbele yao. Mfalme akafa, kiti kikaliwa na mchwa, walinzi wakapewa bunduki na magari ya deraya. Kiapo hakuna aliyekumbuka kukibadilisha. Serikali na mambo yake. Wakubwa hutoa amri wakiwa wamekaa ofisini, na raia wakiona askari husimama au hukimbia. Nani atakaa?

Kalekye alikijua kiapo hicho kwa marehemu mumewe, aliyekuwa mmoja wao. Mwanawe Musembi naye alijiunga, na tangu hapo hakuonekana nyumbani, hata siku ya kumzika baba yake.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, na askari walitokea barabarani kana kwamba wanaelea juu ya mbaazi.

"Mwaitu, mama yetu," kamanda alisema, amesimama wima, "shamba hili sasa ni la kambi. Toka kabla jua halijapanda."

Kalekye alivuta kigoda chake cha miguu mitatu, akakaa katikati ya ua.

Bunduki zote ziliinama. Hata kamanda alikuwa ameapa.

"Amri yako, uliyeketi," alisema, kama mtu anayeongea usingizini.

Hapo ndipo Kalekye alipomwona Musembi, mwishoni mwa mstari, amekonda, mvi zimeanza ndevuni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alitamani kumwita, amshike mashavu, ampe uji. Lakini angemwita, wangekumbuka kwamba aliyekaa pale ni mama tu wa mtu, na shamba lingekwenda pamoja na kaburi la mumewe.

"Nendeni," alisema. "Msikanyage hapa tena, hata mmoja wenu."

Aliyeketi hapewi mgongo. Waliondoka kinyumenyume, polepole, ndani ya ukungu. Njia nzima Musembi alimtazama mamake usoni, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, na Kalekye akamtazama mpaka akapotea. Amri ilimfunga Musembi pia, na kiapo alikuwa ameapa.