Mkono wa Kuchemsha Dahuang

Bibi Kou alirudi kutoka hospitali ya wilaya akiwa amepona mapafu lakini amefunga choo, na hilo la pili ndilo lililomuudhi zaidi. Kikohozi, alisema, ni ugonjwa wa heshima, unaweza kuusimulia kwa majirani. Tumbo lililokaza kama ngoma utamsimulia nani?

Alimsimulia Qiaolan, mke wa mwanawe, kutwa kucha, kwa sababu ndiye aliyekuwepo. Mwana mwenyewe alikuwa Xinjiang akijenga barabara, na nyumbani alionekana mwaka mpya tu, akipata tiketi. Binti wa bibi, Caiyun, aliolewa bonde la pili na alikuwa hodari wa kupiga simu. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili, na kwa miaka mingi mmoja alikuwa na kazi ya kutafuta makosa na mwingine kazi ya kuyapokea. Tambi nene mno. Maji machachu ya mboga yamechacha mno. Kitanda cha udongo kimewashwa moto mwingi chini yake, unataka kunichoma? Qiaolan hakuwa amesikia hata siku moja kwamba alichokipika kilifaa, na asikudanganye mtu kwamba jambo kama hilo huzoeleka.

Kijiji chao cha milimani Gansu kinalima dahuang, ule mzizi wa manjano unaokaushwa kwa moshi kwenye dari juu ya meko. Mtoto akifunga choo, dahuang. Mzee akiwa na joto mwilini, dahuang. Hata nyumbu wa kubeba mizigo. Kila mtu pale anajua kwamba mzizi huo huingia chunguni mwisho kabisa, kwa sababu ukichemka sana nguvu zake za kuharisha hupotea.

Mzee Lei, mganga wa kijiji, alimshika bibi mshipa wa mkono, akamtazama ulimi, akafunga pakiti za mitishamba. Dahuang aliifunga peke yake katika karatasi ndogo. "Hii mwisho, mama," alimwambia Qiaolan. "Chungu kikitokota kidogo tu, epua."

Qiaolan aliepua vilevile alivyoambiwa. Bibi alikunywa bakuli lote, akasubiri. Hakuna kitu. Kesho yake tena, hakuna kitu.

"Umeiua," alisema Bibi Kou.

"Nini, Mama?"

"Dawa yangu. Ulikuwa kwenye simu, eh? Unachekelea video zako huko, dawa inakufa jikoni."

"Nilisimama juu yake, Mama. Sikuondoka hata kwenda kukojoa."

"Basi mkono wenyewe ndio mbovu. Kuna wanawake wana mkono wa unga, kuna wenye mkono wa dawa. Wewe sijui walikupa wa nini."

Jioni simu ililia. "Wifi," alisema Caiyun taratibu, kwa sauti ya kumfundisha mtoto, "dahuang inaingia mwisho. Unajua lakini?" Qiaolan alisema anajua, akakata simu, akalia kwa hasira mbele ya meko.

Hakuna aliyefikiria vile vidonge. Vilikuwa kando ya mto wa kulalia wa bibi, vyekundu na vyeusi, antibiotiki alizopewa hospitali amalizie nyumbani, na bibi alivimeza kwa uaminifu asubuhi na jioni. Vidonge ni vya kifua, dahuang ni ya tumbo. Nani angedhani vinakutana?

Qiaolan akapanda kwenye ngazi, akashusha mzizi wao wenyewe darini, akakata vipande, akaongeza chunguni. Kimya. Akaongeza tena, hadi vikajaa ngumi nzima. Kimya. Kila baada ya chungu aliyamwaga makapi njia panda, kama inavyofanywa, ili wapita njia wayakanyage na ugonjwa uondoke na viatu vyao. Mama Huo, jirani, alisimama akayatazama yale manjano.

"He! Dahuang yote hiyo? Unamtibu mkwe au unamtibu nyumbu?"

"Haimfanyi kitu."

"Si umwambie Mzee Lei?"

"Atasema nimeichemsha vibaya. Wote mtasema hivyo."

Mama Huo akacheka, akayakanyaga makapi kwa nguvu, kwa moyo mwema, akaenda zake. Qiaolan hakwenda kwa Mzee Lei. Hapo ndipo mtu anapotaka kumshika mabega na kumtikisa, lakini ni nani kati yetu anayependa kwenda kutangaza kwamba hata maji ya moto yanamshinda?

Vidonge vikaisha. Bibi akapata hamu ya kula, akadai tambi za maji machachu, akala mabakuli mawili na kulalamika kwamba maji yamechacha mno. Dawa iliendelea kwa kipimo kilekile cha ngumi, maana ngumi ile haikuwa imemdhuru mtu.

Kisha asubuhi moja bibi alirudi kutoka chooni akijishikilia ukutani, uso umempauka na jasho linamtoka, anacheka.

"Leo umeichemsha!" alipiga kelele. "Leo ndiyo umeichemsha! Kumbe mkono unao, ulikuwa umeuficha wapi?"

Qiaolan aligeukia meko ili machozi yasionekane. Alimsikia bibi akimpigia Caiyun simu na kurudia maneno yale kwa sauti ya kusikika uani, akajiona mpumbavu kwa furaha iliyomjaa, na bado furaha haikupungua.

Bibi alikwenda chooni mara nyingi siku ile. Mchana midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na Qiaolan aliiona. Ni vizuri isemwe wazi: aliiona.

"Nipe bakuli jingine," alisema bibi. "Kuna uchafu wa siku nyingi mle ndani."

"Mama, tupumzike mpaka kesho?"

"Leo ndiyo umepatia, kesho utasahau. Lete, kwa mkono uleule."

Mkono uleule. Qiaolan alichemsha tena ngumi nzima, akiimbaimba.

Kulipopambazuka bibi hakuweza kuinuka. Miguu haikumtii, na moyo ulikuwa ukipiga, unasita, unapiga mfululizo. Mume wa Mama Huo aliwapeleka hospitali ileile ya wilaya kwa gari lake la mizigo. Kabla ya saa sita mchana Bibi Kou alikuwa amefariki.

Daktari Pei, mwanamke kijana, alimkuta Qiaolan kwenye korido.

"Alikunywa nini, dada?"

"Dahuang."

"Kiasi gani?"

Qiaolan akakunja ngumi, akamwonyesha.

"Na zile antibiotiki tulizompa alimaliza lini?"

"Siku chache tu zilizopita. Kwani?"

"Dahuang peke yake tumboni haiharishi mtu. Kuna bakteria mle utumboni, ndio wanaoivunja na kuipa nguvu. Vile vidonge viliwaua pamoja na wa kwenye mapafu, ndiyo maana dawa ilikuwa inapita bure. Alipoacha vidonge wakaanza kurudi. Wakaikuta ngumi nzima." Akashusha sauti. "Amepoteza maji na chumvi zote za mwili. Moyo wa umri ule hauwezi."

"Kwa hiyo sikuwa naichemsha vibaya?"

"Hapana, dada. Tangu siku ya kwanza ulikuwa unaichemsha sawasawa."

Qiaolan alirudi nyumbani kabla ya maiti kuletwa, ili aandae chumba. Chungu kilikuwa bado mekoni, makapi ndani. Akakibeba hadi njia panda, akayamwaga yote, akaanza kuyakanyaga. Caiyun, aliyekuja mbio kutoka bonde la pili, alimkuta hapo viatu vikiwa vya manjano.

"Wifi, unafanya nini? Mgonjwa hayupo tena."

"Dawa ndiyo iliyomuua, Caiyun. Dawa yangu. Daktari kaniambia."

Caiyun hakutaka kusikia. Alimkumbatia huku analia. "Usiseme hivyo. Mama alinipigia jana, furaha tele. Alisema sasa una mkono, wifi. Alisema hata mimi nije nijifunze kwako."

Qiaolan akajitoa mikononi mwake, akaendelea kukanyaga.