Kilichokuwa Juu ya Bembea ya Bibi

Fundi alikuwa na jina la kuzaliwa, lakini lilikwishasahaulika siku nyingi. Watu walimwita Sentimita. Alishona mapaa ya turubai ya zile bembea za bustani, zenye kiti cha watu watatu na fremu ya mabomba. Ukimwambia paa lako lina "kama mita mbili hivi," alishikwa na tumbo la kuuma. Hata siku ya kuoa kwake, inasemekana alitangulia kupima mlango wa ukumbi, aone kama bibi harusi na gauni lake watapita kwa mpigo mmoja.

Sentimita hakupima kitambaa kikuukuu hata umlilie. Alisema kitambaa kikuukuu hudanganya: jua limekivuta huku, mvua imekirudisha kule. Yeye alilivua paa lote, akaipima fremu ikiwa tupu, huku mwenye bembea akiandika namba anazotajiwa. Na kabla ya kuvua, kila mara alipanda ngazi akachungulia juu. Lakini asubuhi aliyoitwa kwenye bembea ya Bibi, mgongo ulikuwa unamsumbua, ngazi akaiacha nyumbani. Akaazima stuli ya jikoni. Stuli ilimfikisha kwenye ndoano zinazoshika turubai, haikumfikisha kuona juu ya turubai.

"Bibi, inuka kidogo nifanye kazi," alimwambia mzee aliyekuwa amejilaza kwenye kiti cha bembea.

"Sema kwa nguvu, mjukuu wangu."

"Nasema inuka!"

"Niinuke niende wapi? Magoti haya yakishakaa, yamekaa. Pima paa. Mimi si paa."

Mkwe wa Bibi, mke wa mwanawe, ambaye ndiye aliyemwita fundi, alikuwa amesimama hatua nne kutoka pale na daftari mkononi. Akacheka. "Mwache tu, Fundi. Akianza kuinuka sasa hivi, atakuwa amesimama saa sita mchana."

Basi Sentimita akapanda stuli, akafungua ndoano mbili za mbele, akashika ukingo wa turubai kwa mikono yote miwili. Katikati paa lilikuwa limebonyea na kufanya tumbo. Majani makavu, alijiambia, ya miaka na miaka. Angeinua ukingo, turubai lilale nyuma, majani yamwagike nyuma ya kiti, mambo kwisha. Akainua. Tumbo likamjongelea. Akainua zaidi. Likamjongelea zaidi.

Mikono ya Sentimita ikasimama palepale hewani. Majani hushuka. Haya yalikuwa yanapanda.

Kupitia turubai, uzito ule ulimpapasa vidole: wa uvuguvugu, ukijikunja na kujikunjua taratibu kama mtu anayetafuta upande wa kulalia. Kwenye mshono wa katikati, uliooza hadi ukageuka rangi, palikuwa na tundu la upana wa kidole gumba. Ndani ya tundu kilipita kitu cha magamba. Kikapita. Kikaendelea kupita. Sentimita, ambaye jicho lake halikuwahi kukosea, alihesabu bila kutaka, na kila alipodhani kimekwisha, bado kilikuwa kinapita.

Akivuta, mshono utapasuka. Akiachia, zigo lote litamwagika juu ya kifua cha Bibi. Akipiga kelele, Bibi atashtuka, bembea itagonga nguzo, na hapo hakuna atakayejua nani ameumwa wapi.

"Mbona kimya?" aliuliza Bibi. "Amelala huyo?"

"Dada," Sentimita akasema, kwa sauti ileile ya kutajia namba. "Andika."

"Naandika."

"Nyoka, mmoja."

Kalamu ya mkwe iliandika neno lote na namba yake, kisha ikasimama.

"Usipige kelele, dada yangu. Andika tu. Urefu, kama mita moja na nusu. Unene, kama kifundo cha mkono wangu. Mahali, juu ya kichwa cha mama mkwe wako."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutamka "kama" kazini, tena mara mbili.

Macho ya mkwe yalipanda hadi kwenye turubai, yakashuka hadi kwa Bibi.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

"Anapima, Mama." Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi. Akaliweka daftari chini kwenye nyasi na kupiga moyo konde. Hatua moja. Ya pili. Akainama, akaingia chini ya tumbo lile la turubai, nywele zake zikipita kiganja kimoja tu chini ya mshono. "Mama, kuna simu yako ndani. Mwanao."

"Ilete hapa."

"Iko kwenye chaji."

"Ichomoe."

"Mama, nakuomba."

Neno hilo Bibi hakulizoea kutoka kwa mkwewe. Akamtazama, akanyoosha mikono. Goti la kwanza likakubali. La pili likataka kubembelezwa. Kiti kikarudi nyuma, kikagonga nguzo, na fremu nzima ikatetemeka. Mshono ukalia *trrr*. Sentimita aliona tundu likifunguka kama mdomo, na uzito wote ukamkimbilia vidoleni. Hakuachia. Stuli ilikuwa inacheza chini yake, mabega yanawaka moto, na kutoka ukingoni, karibu na kidole chake cha shahada, ulichomoza ulimi mweusi uliogawanyika, ukaonja hewa, ukarudi.

"Mwendo, Mama. Hivyo hivyo."

Hatua moja. Mbili. Bibi akasimama. "Miwani yangu!" Akageuka kurudi.

"Ninayo!" mkwe akasema, akikunja ngumi tupu nyuma ya mgongo. "Ninayo, Mama, twende."

Hatua ya tatu, ya nne, ya tano. Mshono haukungoja ya sita. Ulipasuka toka mwanzo hadi mwisho kwa sauti ya shuka linalochanwa. Majani yakamwagika, na pamoja nayo nyoka akaanguka *puu* juu ya mto aliolalia Bibi, kwenye shimo lenyewe lililoachwa na kichwa cha mzee. Akajizungusha pale, kichwa kimeinuka, akitafuta aliyemwangusha. Kisha akateremka kwenye nyasi, akalipita daftari bila haraka yoyote, akaingia kwenye ua wa miti. Mkia wake ulichukua muda mrefu mno kwisha.

Hapo ndipo mkwe alipopiga yowe. Alilitoa lote alilokuwa amelizuia, hadi majirani wakafungua madirisha, huku amemkumbatia Bibi kwa nguvu kiasi kwamba miguu ya mzee haikugusa ardhi.

"Niweke chini, mwanangu," Bibi akasema kwenye bega lake. Alikuwa ameuona mkia. Naye mikono yake yote ilikuwa imeng'ang'ania gauni la mkwewe. "Hapana. Usiniweke. Ngoja kwanza."

Wakabaki hivyo. Na Sentimita akabaki juu ya stuli, mikono imeinuliwa, vidole vimefumbata vipande viwili vya lile lililokuwa paa.

"Fundi," mkwe akaita. "Ameshakwenda. Shusha mikono."

"Najua ameshakwenda," Sentimita akajibu. "Mikono ndiyo haijui. Njooni mnishushie."