Mlango wa Motoni

Tangu mazishi ya Mkubwa, nyumba ya Randa ilikuwa inakula vitu baridi. Mkate baridi, ndizi, maziwa baridi, maharage ya kopo yaliyomiminwa kwenye sahani vile vile yalivyo. Hata chai ilikuwa maji ya bomba yenye majani yanayoelea juu, na Mama akikuwekea mbele yako unakunywa, kwa sababu ndiye aliyekuzaa na huna pa kumshtaki.

Randa alikuwa seremala, mwanamume wa miaka thelathini na mitano ambaye hajaoa, jambo ambalo zamani Mama alilitaja kila siku kabla ya chai na baada ya chai. Siku hizi hata hilo hakulitaja. Hapo ndipo Randa alipojua kwamba mambo yameharibika kweli kweli.

Habari yenyewe ni hii. Kaka yake, aliyeitwa Mkubwa kwa kuwa ndiye kifungua mimba na pia kwa sababu ya tumbo, alikuwa fundi wa kuezeka mabati. Kanisani alikuwa haingii. Paa la kanisa likivuja alipanda akaliziba, bure, kila mwaka, na watu wakimtania alijibu, "Juu ya kanisa nakanyaga. Ndani nitakanyaga nikistaafu." Basi Jumapili moja asubuhi, wenzake wakiwa ibadani, akateleza juu ya nyumba ya mtu, na kustaafu hakustaafu.

Siku ya mazishi Mchungaji, kijana mwembamba aliyetoka chuoni mwaka juzi, alisimama kaburini akasema tusidanganyane, neno ni neno, aliyekufa bila toba anakwenda kwenye moto usiozimika milele na milele. Alisema huku machozi yanamtoka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Mtu mbaya ungemtukana moyoni ukalala usingizi wako.

Mama alirudi nyumbani, akachukua kiberiti achemshe maji, akawasha njiti, akaitazama ikiungua mpaka ilipomfikia kidoleni. Akaizima. Tangu hapo hakuwasha jiko. Randa alipoliwasha mwenyewe, Mama alitoka akaenda kukaa uani mpaka lilipopoa. Kwaya nayo, ambako kwa miaka ishirini na mitatu yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, alikwenda, akavaa sare yake, akasimama mstari wa mbele, akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Mama, kaka alikuwa na moyo mzuri," Randa alimwambia jioni moja, mbele ya maharage baridi.

"Najua. Nilimzaa mimi."

"Sasa Mungu haoni?"

"Kamuulize Mchungaji," alisema Mama. "Yeye ndiye aliyesoma."

Randa akapiga moyo konde, akaenda. Lakini hata kabla hajaketi vizuri, Mchungaji alimwahi.

"Afadhali umekuja, fundi. Tunaandaa igizo la Siku ya Hukumu. Nataka unitengenezee mlango wa motoni."

Alisema hivyo kama mtu anayeagiza kabati la vyombo. Mlango wenyewe, alieleza, utawekwa kwenye stoo ya viti iliyo pembeni ya jukwaa, maana ule wa zamani umeliwa na mchwa. Uwe mweusi, uwe mzito, na kwa ndani usiwe na kitasa.

Randa alikuwa ameshachomoa penseli sikioni. Akairudisha.

"Mchungaji, mlango usiofunguka kwa ndani mimi sitengenezi."

"Lakini ndiyo maana ya adhabu ya milele. Aliyeingia hatoki."

"Sawa. Basi tafuta fundi mwingine."

Watu wote walijua sharti hilo la Randa, ila sababu yake waliijua wachache. Alipokuwa na miaka sita aliingia kwenye ghala la baba yake kutafuta kamba, upepo ukaubamiza mlango, na kwa ndani hapakuwa na kitu cha kushika. Alilia tangu asubuhi mpaka sauti ikakauka. Aliyemsikia ni Mkubwa, wakati huo mtoto wa miaka kumi, akitoka shule. Hakwenda kutafuta ufunguo wala mtu mzima. Alichukua shoka akaupasua mlango vipande vipande. Baba, ambaye sasa ni marehemu, alimchapa kwa ajili ya ule mlango, Mkubwa akachapwa huku anacheka, na Randa alipopelekwa pamoja na vile vipande kwa seremala akaona jinsi mlango unavyoundwa upya, akaipenda kazi hiyo mpaka leo. Tangu aanze ufundi, kila mlango wake unafunguka kwa ndani. Hata banda la kuku alilomtengenezea jirani alilitia kitasa cha ndani, na jirani hajamsamehe.

Mama ndiye aliyewapatanisha. "Usigombane na mtumishi wa Mungu," alisema kwa ile sauti yake mpya isiyo na nguvu, na Randa akarudi kwa Mchungaji. Wakakubaliana: kitasa kitakuwepo, kidogo, kimepakwa rangi nyeusi, wasikione watazamaji. Mchungaji akashusha pumzi akaridhika.

Ijumaa, mlango ukiwa tayari umesimama mahali pake, Mchungaji akaomba nyongeza moja. Komeo kwa nje. Komeo nene la mbao, malaika walisukume watu wasikie linavyokwaruza. Randa alikuwa amebakiwa na mti mbichi tu. Alijua, kama anavyojua kila fundi, kwamba mti mbichi hauaminiki. Akasema moyoni kuwa ni kazi ya saa moja tu, akaukata, akaupachika, akauunganisha na kitasa ili aliye ndani aweze kulivuta komeo.

Jumamosi ikanyesha mvua kutwa nzima. Paa la kanisa likavuja, na likavuja pale pale juu ya mlango wa motoni, tone baada ya tone, kwenye lile komeo. Mwaka huu hapakuwa na mtu wa kupanda kuliziba.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mwenye dhambi alikuwa Kinyozi, rafiki mkubwa wa marehemu Mkubwa, mtu wa maneno mengi ambaye alikuja kanisani kumfurahisha mkewe tu. Hakuna muumini aliyekubali kwenda motoni, hata kwa kuigiza, hivyo walimwendea yeye, naye akasema atakwenda ilimradi akitoka apewe soda. Ndani ya stoo, nyuma ya kitambaa chekundu, palikuwa na kopo la maranda ya mbao yaliyoloweshwa, ambayo Randa mwenyewe ndiye aliyeyaleta kutoka karakana. Kinyozi ndiye angeyawasha, na yakiungua yanatoa moshi mwingi bila moto.

Jambo moja Randa hakuambiwa. Kwenye mazoezi ya mwisho malaika mmoja, mtoto wa miaka saba mwenye mabawa ya karatasi, alikuwa ameuliza, "Sasa mbona asifungue tu akatoka?" Malaika wengine wakacheka mpaka mabawa yakadondoka. Mchungaji alifadhaika. Jumapili hiyo asubuhi, peke yake, alichukua kisu cha jikoni akafungua skrubu za kitasa, akakitia mfukoni. Pale kilipokuwa pakabaki tundu.

Igizo likaenda vizuri. Mchungaji alisimama jukwaani na kitabu kikubwa, akasoma dhambi za Kinyozi moja baada ya nyingine, na Kinyozi akazikubali nyingine ambazo hazikuandikwa. Malaika wakamsukumia ndani, komeo likasukumwa kwa mikono, likakataa, likagongwa kwa kiatu mpaka likaingia. Moshi ukaanza kupita chini ya mlango. Watu wakasisimka.

"Nifungulieni," Kinyozi alilia kutoka ndani.

"Umechelewa," Mchungaji alisoma. "Mlango umefungwa milele."

"Nifungulieni, nakufa."

"Amina," walijibu waumini. Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba kumbe Kinyozi ana kipaji, anapoteza muda wake kwenye vichwa vya watu.

Kinyozi akaanza kugonga. Aligonga kwa ngumi, halafu kwa kiganja, halafu kwa vyote viwili bila mpangilio. Mama, aliyekuwa ameketi na Randa safu ya tatu, akasimama wima. Randa akafikiri anataka kutoka nje kwa uchungu. Kisha naye akasikia sauti ikisema, katikati ya kikohozi, "Randa, kitasa kiko wapi?"

Neno hilo halikuwa kwenye igizo. Randa akaruka mabenchi, lakini Mama alikuwa ameshamtangulia, mwanamke wa miaka sitini na minane, viatu mkononi. Mbele ya mlango alisimama yule malaika mdogo, amenyoosha mikono kama alivyofundishwa.

"Bibi, huwezi. Umefungwa milele."

"Milele ni ya Mungu, mjukuu wangu," alisema Mama. "Mlango ni wa mwanangu. Pisha."

Akashika komeo akavuta. Halikutikisika. Randa akavuta. Lilikuwa limevimba, limejaa kwenye vishikio vyake kama kidole kwenye pete ya ujana. Nyundo yake iko karakana, mitaa mitatu kutoka pale. Kwenye tundu la kitasa ikatokea pua ya Kinyozi, nyeusi kwa masizi, inavuta hewa. Watu husema kinyozi hajinyoi, na siku hiyo ilionekana wazi kwamba hajifungulii pia.

Hapo ndipo kitabu kikubwa kilipoanguka chini. Mchungaji alikuwa amekitupa. Alikuja mbio, uso umempauka, akainama kwenye tundu. "Rudi nyuma, ndugu yangu. Rudi nyuma kabisa." Pua ikaondoka. Akaupiga mlango kwa bega, yeye na wembamba wake wote, akarushwa nyuma. Akaupiga tena. Kola ikamchomoka shingoni. Mara ya tatu Randa aliupiga pamoja naye, mbao za kati zikapasuka, na Mchungaji akatumbukia motoni kichwa mbele.

Akatoka humo akiwa amemkumbatia Kinyozi, wote weusi kama masufuria, wote wanakohoa, wote machozi yanawachuruzika. Kinyozi akakohoa kwa mara ya mwisho, akajifuta macho, akatazama huku na huku.

"Soda yangu?" akauliza.

Watu wakacheka mpaka wengine wakalazimika kukaa chini. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Mchungaji.

"Umemsikia akigonga," alimwambia.

"Nimemsikia, Mama."

"Haikutimia hata dakika moja tangu ujue, ukaubomoa. Bega lako lenyewe ni hilo."

Mchungaji akatazama chini.

"Mimi nasikia mlango ukigongwa tangu siku ya mazishi," alisema Mama. "Usiku na mchana. Mwanangu ananiita, na wewe umeniambia mlango haufunguki. Sasa niambie. Mungu aliyekuumba wewe, uliyeshindwa kuvumilia dakika moja, Yeye anavumilia vipi milele?"

Mchungaji angeweza kusoma mistari. Aliijua yote. Alifungua mdomo, akaufunga, na aliposema alisema polepole.

"Miaka minne chuoni nilifundishwa habari za ule mlango, Mama. Haikutokea siku hata moja nikausikia ukigongwa." Akapangusa masizi, akayapaka zaidi. "Pale kaburini niliongea kama mtu aliyekwenda huko akarudi. Sijaenda. Sijui aliko Mkubwa. Nisamehe."

"Kama hujui," alisema Mama, "basi niache nitumaini."

"Tumaini, Mama. Na mimi nitatumaini pamoja na wewe."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitasa pamoja na skrubu zake nne, akampa Randa. Randa alikuwa na mengi ya kumwambia. Alikumbuka komeo la mti mbichi, akayameza yote.

Nyumbani, Mama alivua viatu, akaenda moja kwa moja jikoni. Randa alisikia droo ikifunguliwa, halafu njiti ikikwaruzwa. Akasimama mlangoni. Mama alikuwa ameishika njiti, anaitazama. Kisha akaiinamisha kwenye jiko, likashika, akaweka birika juu yake.

"Unajua, nimefikiri," alisema akiwa amempa mgongo. "Hata kama wamempeleka huko, wamejitafutia balaa. Yule mtoto hajawahi kusikia mtu analia nyuma ya mlango akaupita. Atawatoa wote."

"Na Baba atamchapa," alisema Randa.

Mama akacheka. Alianza kwa kujizuia, halafu mabega yakamshinda, akacheka huku analia, ameshika ukingo wa meza, na Randa akacheka na kulia naye. Birika lilipoanza kuchemka, Mama alikuwa ameshaanza wimbo, chini chini, bado sauti ina kutu. Akamiminia kikombe, akamsukumia.

"Kunywa. Na uniambie utaoa lini."

Chai ilikuwa ya moto mpaka ikamuunguza ulimi. Randa akainywa hivyo hivyo, yote, akaomba nyingine.