Kengele Iliyobakizwa

…na lumpia moja, unga uliokunjwa na nyama ndani ukakaangwa, imebaki sahanini kama kawaida, imelala peke yake juu ya karatasi iliyolowa mafuta, na hakuna atakayeigusa, maana katika nyumba hii, na katika kila nyumba ya mji huu wa Iloilo anayoijua Jovelyn, cha mwisho hakiliwi, cha mwisho husukumwa kwa mwenzako, "kula wewe," "aa, nimeshiba, kula wewe," mpaka kipoe, mpaka kikauke, mpaka paka akione, na yeye Jovelyn aliyelelewa hivyo tangu hajaota meno, ambaye hajawahi kunyoosha mkono kwenye kipande cha mwisho cha sahani ya mtu, ndiye aliye… hapana, usiwaze hilo, tazama runinga, mstari wa kijani umefika wapi, bado, uko mwanzo mwanzo tu, gemu linajisasisha na intaneti ya mtaa huu inataka kubembelezwa, siku zote anaitukana, leo anaiombea iendelee kuwa mbovu hivyo hivyo, ikatike kabisa ikiweza, "Baba, usibonyeze kitu," Ysay anasema, amekaa sakafuni katikati ya magoti ya baba yake kama kifaranga, "ukibonyeza inaanza upya," na Renante anajibu, "Sibonyezi, nahodha," mikono juu, mtu mzima na mvi zake mbili tatu, amerudi jana kutoka melini na bado anatembea amepanua miguu kama sakafu itainama, boksi la zawadi limefunguliwa nusu, chokoleti, sabuni, makopo ya nyama ya ng'ombe, na kitu cha kwanza mtoto alichomwambia uwanja wa ndege, kabla hata hajambusu mkono, "Baba, tumebakiza ile moja," na Jovelyn pale pale nyuma yao, ameshika mkoba, akacheka, alicheka kweli, Mungu wangu, kicheko gani kile.

Moja. Kengele moja. Ni gemu la watoto, mtu mwingine angesema, bata mdogo mwenye koti la mvua anazunguka visiwa akitafuta kengele zilizofichwa, nyuma ya maporomoko, ndani ya mitungi, chini ya kofia za watu waliolala, hakuna anayekufa, hakuna damu, bata akianguka majini anakung'uta mkia na kuendelea, na ukizipata zote, zote kabisa, mvua iliyonyesha tangu mwanzo inakatika, bata anavua koti, na kuanzia hapo kila ukilifungua gemu picha ya kwanza ni jua, bata bila koti, jua… ndiyo picha itakayotokea mstari ule ukifika mwisho, dakika chache kutoka sasa, mbele ya Renante, mbele ya Ysay, mbele ya mama mkwe, uso atauficha wapi, "Kila siku bata, bata," anasema Bibi Asyang kutoka kwenye kiti chake, mama yake Renante, akipepea miguu kwa kifuniko cha kopo, "bata gani huyo haliwi, angekuwa wangu ningeshamtia tangawizi," na Renante anacheka, "Mama, huyo ana watoto wanaomlilia," "Watalia na mchuzi," anasema Bibi, na sahani inasukumwa, "Jo, malizia hiyo," "Nimeshiba, Mama," sauti yake mwenyewe imetoka vizuri tu, laini, ya mkwe mwema, sauti ya mtu asiyegusa cha mwisho.

Lakini kuna njia, si kwamba hakuna, mstari wenyewe umemletea njia mpaka mlangoni, atasema sasisho limeharibu, ndiyo, "Ee, hawa watu wa gemu bwana, wanasasisha wanavuruga mafaili ya watu," na atatikisa kichwa kwa hasira kidogo, si nyingi, na nani atambishia, Renante anayejua injini za meli na hajui hata bata anarukaje, au Ysay, ambaye kwake mama akisema hili kuhusu gemu limesemwa, maana mama ndiye bingwa, mama ana faili lake lililokamilika zamani, na faili la gemu la sungura limekamilika, na la mvuvi wa mawinguni limekamilika, na wale wenzake wa mtandaoni wanaowinda vitu vilivyofichwa wanamwita Shangazi, wanamwuliza, Shangazi, kisiwa cha nne nimekwama, naye hawapi jibu, huwapa kidokezo tu, kwa sababu ndivyo watu wa kazi hii walivyo, mtu humwonyeshi mkono wote, na faili la mtu huligusi, hata mtoto mdogo anajua, unaweza kukaa naye, unaweza kunyoosha kidole, pale, angalia vizuri pale, lakini chake anachukua mwenyewe, onyesha, usichukue… na nani aliyesema maneno hayo sebuleni humu, kwa sauti, amesimama na mwiko mkononi, siku Toto mtoto wa jirani alipoichukua kengele ya mnarani kwenye faili la Ysay wakati Ysay yuko chooni, nani aliyemwambia yule mtoto, "Toto, hapa kwetu hatuchukui cha mwenzetu, nenda nyumbani ukafikirie," na Toto akatoka na kandambili mkononi, masikio mekundu, na hajarudi kucheza hapa tangu siku ile, na Jovelyn usiku wake akajiona mama wa maana, mwenye malezi, kumbe malezi ya kuwafunza wengine, njia ya mwongo fupi na yeye yake imefika hapa mkekani.

"Imesogea!" "Haijasogea, Baba, hiyo ni taa ya nje inamulika," bado, haijasogea, na hata hivyo hakukusudia, alikuwa anafuta vumbi, Ysay yuko shuleni, nyumba imetulia, akaiwasha tu mashine ya gemu kuona kama inafanya kazi, Renante anakaribia kurudi, isije ikagoma siku yenyewe, akalifungua faili la Ysay kuangalia tu, kengele tisini na tisa kati ya mia, imeandikwa pembeni kwa rangi ya chungwa, na mtu wa kazi hii akiiona tisini na tisa inamwasha kama unga wa pilipili kwenye jicho, si kosa lake, ni… we Jovelyn, unamdanganya nani humu ndani ya kichwa chako, hakuna mwingine anayekusikia, kengele ile si ya kujikwaa, si ya bahati mbaya, kengele ile ni ya nyumbani, waliolitengeneza gemu waliificha mahali ambapo hakuna anayetafuta, kwenye nyumba ya bata mwenyewe, ile anayotoka dakika ya kwanza akakimbilia visiwani na asirudi tena, na ili uipate hufanyi kitu, ndiyo ujanja wake, unamsimamisha bata karibu na jiko, unaweka rimoti chini, hubonyezi chochote, unangoja, birika linachemka polepole, halafu kengele inaanza kushuka ndani ya dohani, ting, kimya, ting, polepole kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na wakati wowote, wakati wowote Jovelyn, ungeweza kugusa kitu kimoja tu bata akasogea hatua moja na kengele ikarudi juu, ulikuwa na wakati wa kutosha hata kukunja nguo, na hukugusa, ulikaa na kitambaa cha vumbi magotini, mikono imelala, ukaiangalia inashuka, ikamwangukia bata kichwani, mvua ikakatika, na gemu likajihifadhi lenyewe kama yanavyofanya, na maji yakimwagika hayazoleki.

Na kwa nini, sema basi, kwa nini, si kwa sababu ya tisini na tisa, tisini na tisa amewahi kuishi nazo, ni kwa sababu ilikuwa ya Renante. Haya, imesemwa. Ysay kwenye simu, picha inakwama kwama, Renante mbele ya ukuta wa chuma wa chumba chake cha melini, "Tumebakiza moja, Baba, hatuichukui mpaka urudi," na Renante macho yakajaa maji, na Jovelyn pembeni ya picha, nusu bega tu linaonekana, ndiye aliyekaa na mtoto visiwa vyote vile, jioni zote zile baada ya vyombo, "pale, angalia vizuri pale, nyuma ya jani," ndiye aliyemfundisha kurudi alikopita, ndiye aliyefuta machozi ya kisiwa cha barafu, na ya mwisho ikabakizwa kwa asiyekuwepo, kama bakuli la tambi ambalo Bibi Asyang humtengea mwanawe kila sikukuu, mtu yuko bahari nyingine kabisa na bakuli lake lipo mezani limefunikwa, hakuna wa kuligusa, na aliyepika tambi anakula zilizobaki sufuriani akiwa amesimama, na hakuna kosa, hakuna aliyekosea, aliye mbali hubakiziwa, ndiyo mila, ila nani humbakizia aliyepo, nani humbakizia yule ambaye kila mtu anajua atakuwepo, ndilo hilo lililokuwa likichemka ndani ya lile birika, wivu, wivu wa mtu mzima kwa mumewe juu ya kengele ya bata, aibu gani hii, afadhali angeiba pesa, angejua cha kumwambia padri.

Ysay amemvuta baba yake sikio, ananong'ona, na kunong'ona kwa Ysay kunasikika mpaka kwa jirani, "Baba, nikwambie siri, usimwambie Mama," Jovelyn anainua sahani mojamoja kuziweka pamoja, polepole, zisigongane, "mimi naijua ilipo, iko nyumbani kwa bata, siku moja nilimwacha amesimama nikaenda kunywa maji, nikasikia ting, ting, nikarudi mbio, ilikuwa inashuka dohani, ingemwangukia, nikamtoa nje," na Renante ananong'ona vibaya vile vile, "Sasa si ungeiacha ikaanguka?" "Tulisema tunangoja," na Jovelyn sahani mkononi, tulisema tunangoja, mtoto wa darasa la pili alisikia ting ile ile, alikimbia sebule nzima na maji mdomoni ili asiichukue, na yeye aliyesoma, aliyeolewa, Shangazi wa mtandaoni, alikaa, "Basi leo naichukua mimi," anasema Renante, "kidole hiki hiki kinachowasha injini," na Ysay anamcheka, anamcheka wazi, "Wewe? Wewe hujui hata kuruka, Baba, utamzamisha, hiyo si yako, hiyo ya Mama."

Ya nani. "Ya Mama. Mama kanionyesha zote na hata siku moja hajashika, ananyoosha kidole tu, akishika anasema aa, ni yako hiyo, chukua wewe. Kwa hiyo ya mwisho atashika yeye, mimi na wewe tutampigia makofi." "Sasa mimi mlikuwa mnaningojea nini?" "Makofi ya mtu mmoja ni machache, Baba," na Bibi Asyang anacheka mpaka kifuniko kinamdondoka, "Sikia huyo, eti makofi machache," na Jovelyn amesimama mlangoni mwa jikoni na sahani zake, hawezi kuingia, hawezi kurudi, ilikuwa yake, bakuli lililofunikwa lilikuwa lake, alibakiziwa yeye, na alilila akiwa peke yake mchana, mlango umefungwa, kitambaa cha vumbi magotini, aliiba chake mwenyewe na akaiba makofi ya watu wawili, na sasa lile neno la sasisho, linakuja lenyewe ulimini, limeiva, litafaa sana, na anaona kitakachotokea akilisema, anakiona chote, Ysay hatakasirika, Ysay atamgeukia yeye, atamshika kiuno, atasema, "Pole, Mama, pole sana, ilikuwa yako," atampa pole, mtoto atampa pole mwizi, na mwizi atalazimika kuinama aipokee, aseme asante mwanangu, na kila gemu watakalocheza toka leo, kila kidole atakachonyoosha, ile pole itakuwa imekaa katikati yao… hilo hapana, aibu ya kuonekana ataibeba, masikio yawe mekundu kama ya Toto, Bibi Asyang amwongelee mpaka Krismasi, lakini pole ile haipokei.

"Jo, weka hivyo vyombo, njoo ukae," anasema Renante, anamsogezea nafasi, na mstari wa kijani umepita nusu, sasa unakwenda, intaneti imepata nguvu leo ya leo, na Bibi anaisukuma sahani ile yenye lumpia moja mpaka pembeni ya meza, "Kula basi mwanangu, umesimama jikoni tangu asubuhi, hii tumekuachia wewe," na Ysay amekwisha simama, anakuja na rimoti mikono miwili kama anabeba yai, anaiweka kiganjani mwa mama yake, ina joto, ina mafuta ya vidole, "Shika, Mama, leo unashika wewe, usiseme aa," na uso wake umefunguka wote, meno mawili ya mbele bado yanaota, nyuma yake mstari umebakiza kidogo. Jovelyn anachuchumaa mpaka macho yao yanalingana.

"Ysay," anasema, "njoo hapa karibu nikwambie, kabla gemu halijafunguka."